Anza na Mahindi, Usianze na Jiwe

Mnyama wa mwituni haingii bustanini kwa mtu bila sababu. Amefuata chakula, maji au maficho, na mara nyingi amevikuta vyote vitatu mahali pamoja. Ni hivyo kwa mwenye nyumba ya ua mpana katika Area 10 mjini Lilongwe, na ni hivyo zaidi Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, ambako kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000 leo inabeba zaidi ya 50,000. Nyumba za matofali mabichi zimebanana, gunia la mahindi linalala chumba kimoja na watoto, mchicha na maboga vimepandwa nyuma ya jiko, na mbele kidogo yanaanza mashamba ya wenyeji. Katika mazingira hayo, kiumbe kinachotambaa au kuruka kikionekana, jibu la kwanza la wengi ni jiwe. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba jiwe hilo karibu kila mara linampata asiyehusika. Yupo mnyama mmoja anayekula akiba yako, anayechafua maji yako, na anayewavuta nyumbani kwako wengine unaowaogopa, naye ni panya. Nyoka wengi, bundi, kanu na nguchiro wanakuja kwa sababu yake. Ukimnyima panya chakula na tundu la kuingilia, wengi wa hao wataondoka bila kupigwa. Ukiwaua wao na kumwachia panya gunia lake, utakuwa umemlinda panya.

Basi kazi ya kwanza ni kumtambua aliyekuja, na kwa kuwa wengi hutembea usiku, utamtambua kwa alama alizoacha. Toka alfajiri, kabla kuku na watoto hawajakanyaga udongo. Tundu lililo wazi, la kupitisha vidole viwili au vitatu, lenye kijia kilichosuguliwa kati ya majani na kinyesi kama punje za mchele, ni la panya. Vilima vidogo vya udongo laini uliosukumwa kutoka chini, vimefuatana kama mstari na havina tundu linaloonekana, ni vya fuko. Huyu hula mihogo na viazi vitamu akiwa ardhini. Mmea unanyauka ghafla, na ukiuvuta unakuja bila mzizi. Nungunungu huchimba kutokea juu, hutafuna boga au muhogo na kuacha mikwaruzo mipana ya meno ya mbele, na pengine mwiba mmoja au miwili. Mahindi mabichi yaliyovunjwa mchana, yakang'atwa kidogo na kutupwa, ni kazi ya tumbili. Mayai yaliyovunjwa na kulambwa mchana yanaelekea kwa nguchiro. Kuku aliyechukuliwa usiku bandani anaelekea kwa kanu, ingawa mbwa wa mtaani asisahauliwe, maana wengi husingiziwa kwa kosa lake. Kinyesi kilichokauka kikawa cheupe kama chokaa ni cha fisi, ambaye hutafuna mifupa. Usipoona alama, nyunyiza jivu la jikoni mbele ya mlango wa banda na kando ya matuta jioni, usome nyayo asubuhi. Fanya hivyo kwa usiku kadhaa kabla ya kuamua lolote, kwa sababu hasara nyingi zinazotajwa kwa jina la mnyama mkubwa ni za mdogo.

Na mdogo huyo ni panya. Panya wa mashambani anayejulikana sana katika nchi zetu, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi, hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache tu, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja chakula kikiwa tele. Hapo ndipo ilipo sababu ya kushindwa kwa wanaotegemea kuua peke yake. Ukiua ishirini huku gunia likibaki wazi, nafasi yao itajazwa na watoto wa waliobaki kabla mwezi haujageuka sana. Idadi ya panya inaamuliwa na chakula kilichopo, kwa hiyo anza na mahindi. Weka akiba kwenye pipa la bati au ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukikosa, jenga jukwaa la miguu iliyoinuka kiasi cha mita moja kutoka ardhini, ufunge kila mguu kofia ya bati iliyogeuzwa, kama wanavyofanya baadhi ya wakulima wa Malawi wanaojenga nkhokwe, ghala lao la nafaka. Jukwaa lisiguse ukuta wala lisiwe chini ya kitu anachoweza kudondokea. Mabaki ya ugali unayowatupia kuku yaishe kabla ya magharibi. Funika mitungi na ndoo za maji, kwa sababu mkojo wa panya hubeba magonjwa. Kisha zunguka nyumba ukitafuta matundu: panya hupita penye upana wa kidole gumba, na kipanya kidogo hupita penye upana wa penseli. Ukuta wa tofali bichi unachimbika, kwa hiyo usizibe kwa udongo mtupu. Shindilia kwanza kokoto, vipande vya chupa au wavu wa chuma, halafu kandika juu yake.

Kuna watakaosema kwamba sumu ni rahisi kuliko yote hayo. Ni rahisi kwa mnunuzi siku anapoinunua. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mnyama aliyeila hufa baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo hutembea akiyumba mchana, akawa windo jepesi la bundi, paka, nguchiro na hata kuku wako. Kwa hiyo chambo kimoja kinaweza kumwua yule ambaye angekukamatia panya mwaka mzima. Vifuko vinavyouzwa mitaani bila maandishi ya kueleweka vina hatari nyingine: vingine hutengenezwa kwa dawa kali za mashambani, na katika chumba kimoja ambamo watu wanapika, wanalala na mtoto anatambaa, hakuna mahali salama pa kukiweka. Gundi ya panya nayo ni ukatili usio na faida, maana mnyama hukaa amenaswa usiku kucha akijirarua ngozi, na mara nyingi anayenaswa ni mjusi au ndege. Kama ni lazima kuua, na kwa panya wa ndani ya nyumba mara nyingi ni lazima, tumia mtego wa chuma unaobana na kuua papo hapo, uutege kando ya ukuta anapopita, na uukague kila asubuhi. Wanaowinda mbewa, yaani panya wa mashambani, kwa ajili ya kitoweo, kama ilivyo desturi kubwa katika mkoa huu wa kati wa Malawi, hawana kosa, mradi mnyama auawe upesi na asitoke mahali palipowekwa sumu. Utu kwa mnyama haukatazi kila kifo. Unakataza mateso yasiyo na haja na kifo kisichosaidia mtu.

Sasa nyoka, maana hapa ndipo hofu ilipo kubwa na ndipo makosa yanapogharimu roho. Katika eneo hili wapo watatu unaopaswa kuwajua kwa sura. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe na jirani yako Mchewa humwita mphiri, ni mnene na mfupi, ana kichwa kipana na alama za pembe zinazofuatana mgongoni; hulala kimya kwenye majani makavu au njiani jioni, hakimbii, na huuma anapokanyagwa. Swila, au fira, ni wa kijivu au kahawia, huinua kifua na kutandaza shingo, na hutema sumu kuelekea machoni kwa umbali wa mita mbili au tatu. Koboko ni mrefu, mwembamba, wa kijivu wala si mweusi kama wengi wanavyodhani. Weusi wake uko ndani ya kinywa. Ana mwendo wa kasi na sumu yake hulegeza misuli ya kupumulia. Kwa upande mwingine yupo nyoka wa nyumba, wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, asiye na sumu, ambaye chakula chake kikuu ni panya. Yeye ndiye anayeuawa sana, kwa sababu ndiye anayeingia ndani kumfuata panya. Nyoka wembamba wa kijani wanaokula vyura na mijusi mara nyingi hawana madhara, lakini yupo wa mitini anayefanana nao ambaye sumu yake ni kali, kwa hiyo rangi ya kijani isikupe ujasiri wa kumshika. Kwa kweli ushauri wa kumtendea nyoka ni mmoja hata usipomjua: mpishe.

Kumpisha kuna utaratibu wake. Ondoa watoto, kuku na mbwa. Simama mbali, hatua tano au sita, umwangalie alipo ili asikupotee. Usimzungushie watu, kwa sababu nyoka anayetafuta njia akakuta miguu kila upande ndiye anayeshambulia. Mwachie upande mmoja wazi, hasa ule wenye majani au kichaka, na mara nyingi ataondoka mwenyewe. Akiwa ndani, fungua mlango, toka, na uziachie dakika zifanye kazi. Mafuta ya taa, kitunguu saumu, moshi wa mpira na dawa za kunyunyiza zinazosemekana kufukuza nyoka hazijathibitishwa kufanya kazi, na mafuta ya taa karibu na nyumba ya nyasi au turubai ni hatari kuliko nyoka mwenyewe. Kinachofanya kazi ni kumwondolea maficho: sogeza kuni, matofali ya akiba na lundo la mabua mbali na mlango, fyeka ukanda wa mita mbili kati ya tuta la mboga na ukuta, na usiache majani ya kufunikia udongo yafike mlangoni. Jambo hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu kilimo cha kufunika udongo kwa majani kinafundishwa sana hapa, na Lilongwe kuna taasisi ya Kusamala iliyojikita katika kilimo cha aina hiyo. Ni kilimo kizuri kinachotunza unyevu, na wanaokilaumu kwamba kinaleta nyoka wanasahau kuwa tatizo ni mahali majani yanapolazwa.

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya yote hayo ni kwamba nyoka aliyekufa haumi, na mwenye watoto wadogo hawezi kubahatisha. Hoja hii inastahili jibu kamili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliuweka msiba huo kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Wanaoumwa kwa wingi ni wakulima na watoto wa vijijini, na kwa kawaida huumwa kwa kumkanyaga nyoka gizani, kupenyeza mkono pasipoonekana, kulala chini, au kumshika na kumpiga. Katika hizo zote, ni hiyo ya mwisho tu ambayo mtu huifuata mwenyewe. Anayemrushia swila mawe kutoka mita mbili amesimama pale pale sumu inapofika, na kichwa cha nyoka kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Isitoshe, ukimuua aliyekuja kufuata panya, panya wapo, na mwingine atakuja. Mtoto analindwa na tochi, viatu na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka. Chandarua kile kile cha mbu huzuia pia nyoka asimfikie aliyelala. Sikatai kwamba ipo hali ya mwisho: kifutu amejikunja chini ya kitanda, haondoki, na hakuna mwenye ujuzi wa kumtoa. Hapo mtu mzima mmoja mwenye mti mrefu akifanya linalohitajika kwa pigo la uhakika, hana lawama. Lawama ni kwa kundi la vijana linalomfukuza nyoka wa nyumba hadi uwanjani na kumchezea akiwa nusu mzima.

Na mtu akiumwa, utulivu ndio dawa ya kwanza. Mlaze, mvue pete na bangili, funga kiungo kwa gongo kisitikisike, na mpelekeni haraka kituo cha afya cha Dzaleka, ambacho kinaweza kumpa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Msimchanje, msimnyonye jeraha, msimkaze kamba. Macho yaliyotemewa sumu yaoshwe kwa maji mengi mfululizo, kisha mtu apelekwe. Wengi wenu mliotoka Kongo, Burundi na Rwanda mnalijua jiwe jeusi, lile la mfupa uliochomwa, ambalo huwekwa juu ya jeraha ili livute sumu. Linaheshimiwa, na wapo wanaoapa kwamba liliwaponya. Lakini sumu ya nyoka huingia ndani ya nyama na kusambaa upesi, wala haikai juu ikisubiri kuvutwa, na majaribio yaliyofanywa juu ya jiwe hilo hayakuonyesha kwamba linaitoa. Wanaopona nalo ni wale walioumwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeuma bila kuimwaga, jambo linalotokea mara nyingi. Saa mbili za kusubiri jiwe lianguke lenyewe ndizo saa ambazo mgonjwa wa koboko hana. Dawa halisi ya sumu ni ghali na mara nyingi ni adimu, na hiyo ni sababu zaidi ya kutofanya mchezo na nyoka tangu mwanzo.

Wapo wanyama wengine wanaouawa kwa sababu ya jina lao. Bundi, kadzidzi kwa Kichewa, anaitwa ndege wa wachawi, na inasemekana akilia juu ya paa kuna mtu atakufa. Sidharau imani ya mtu, lakini fikiri: nyumba yenye mgonjwa mahututi ndiyo nyumba inayokesha, na anayekesha ndiye anayesikia sauti inayolia kila usiku. Kama unataka ushahidi wa kazi yake, tafuta chini ya mti au dari anapolala. Utakuta vidonge vya kijivu vya manyoya vilivyokauka, ambavyo bundi hutapika baada ya kula. Vunja kimoja kwa kijiti, na humo utakuta mifupa na mafuvu ya panya aliowala, wakati mwingine mawili au matatu katika kidonge kimoja. Kule Johannesburg, katika vitongoji vyenye msongamano kama Alexandra, watu waliwekewa masanduku ya viota ili bundi wasaidie kupunguza panya, na walioanza wakiwaogopa ni pamoja na familia ambazo watoto wao wa shule ndio waliowalea makinda. Kinyonga naye anabeba lawama ya hadithi ya kale, ile ya ujumbe wa uhai uliochelewa njiani. Hana sumu, hang'ati mtu ila akishikwa, na kazi yake kutwa ni kula nzi na panzi kwenye mboga zako. Chura anayekaa chini ya ndoo anakula viwavi na mende. Hawa wote waache walipo; hakuna la kufanya.

Popo wanahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wanaishi kwenye mapaa ya nyumba nyingi za Lilongwe na kwenye majengo ya shule na makanisa. Hawa wa darini ni wadogo, wanakula wadudu warukao, wakiwemo wanaoharibu mazao, na kinyesi chao ni mbolea kali. Ubaya wao ni harufu na uchafu, na ukweli kwamba popo anaweza kubeba virusi, kwa hiyo asishikwe kwa mkono mtupu hata akiwa amekufa, na kinyesi kizolewe baada ya kulowanishwa, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Ukitaka wahame, angalia jioni wanatokea wapi. Ziba matundu mengine yote, na kwenye hilo moja tundika kitambaa au wavu unaoning'inia chini, ili anayetoka asiweze kurudi. Baada ya siku chache lizibe nalo. Fanya hivyo wakati wa kiangazi cha baridi, Juni au Julai. Ukiziba wakati wa mvua, popo mama watafungiwa nje na watoto watakufa ndani, na nyumba yako itanuka kuliko mwanzo. Wala usiwafukuze kwa moshi au moto darini, maana vimechoma nyumba za watu.

Kwa fuko na nungunungu, wanaokula mazao moja kwa moja, nakubali kwamba uvumilivu peke yake hautoshi. Kwa kipande kidogo cha Dzaleka jibu bora ni bustani ya gunia au ya ndoo kuukuu: fuko hawezi kufika, maji yanatumika kidogo, na mchicha unastawi. Kwa tuta la viazi, chimba mfereji mwembamba kulizunguka, kina cha mkono hadi kiwiko au zaidi, uujaze mawe na kokoto. Ni kazi ya mara moja. Vuna mihogo mapema badala ya kuiacha ardhini kama ghala. Nungunungu harushi miiba, kinyume na inavyosimuliwa. Hurudi nyuma kwa nguvu na kumchoma anayemsogelea, ndiyo maana mbwa huumia. Uzio wa miiba au wavu uliofukiwa chini kiasi cha kiganja na nusu humrudisha, kwa sababu yeye ni mchimbaji asiyejua kupanda. Wengine hushauri kumtega akiwa hai na kumwachia mbali. Inasikika kama huruma, lakini mnyama aliyetupwa pasipo pake hajui maji yalipo wala tundu la kujificha, mara nyingi hufa, na kama hakufa amepelekwa kwenye shamba la mtu mwingine.

Lilongwe ina mkazi mwingine ambaye Dzaleka pia husikika: fisi madoa. Wanaishi ndani ya mji wenyewe, wakijificha mchana kwenye mabonde na vichaka vya kando ya mito, na usiku wakipita majalalani. Fisi anavutwa na mifupa, matumbo ya mbuzi na mizoga, kwa hiyo bucha au familia inayotupa uchafu wa nyama nyuma ya ua ndiyo iliyomwalika. Fukia mabaki kwa kina, laza mbuzi kwenye banda lenye paa na mlango imara, na usiku tembeeni wawili au zaidi mkiwa na tochi. Usimkimbie ukikutana naye. Simama wima, piga kelele, rudi nyuma polepole. Fisi, nguchiro, au mnyama yeyote wa porini anayeonekana mchana bila woga, anayeyumba au anayetoka mate, mshuku kichaa cha mbwa, na usimsogelee. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna kupona, lakini unazuilika kabisa kabla ya hapo: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Duniani kote karibu wote wanaokufa kwa kichaa hicho waliumwa na mbwa, basi kumchanja mbwa wako ni kinga kubwa kuliko kuwinda mnyama yeyote.

Sheria nayo ijulikane. Wanyamapori wa Malawi wanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya mwaka 1992, iliyorekebishwa mwaka 2017 na kuongezewa adhabu nzito, hadi kifungo cha miaka 30 kwa makosa ya wanyama wanaolindwa zaidi. Kakakuona ni mmoja wao. Akipita kwenye bustani yako usimguse, usimfungie ndani, na usimsikilize atakayekuambia kuna mnunuzi. Kwa mkimbizi, kesi ya namna hiyo inaharibu hata alichokuwa amebakiwa nacho. Mnyama aliyejeruhiwa, au mkubwa aliyekwama, ni wa kuripotiwa kwa idara ya wanyamapori ya serikali au Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, ambacho huokoa na kutibu wanyama. Dzaleka, pitia polisi wa kambi au kiongozi wa eneo lako.

Imebaki hoja moja, nzito kuliko zote. Mtu aliyekimbia vita, anayeishi kwa mgao unaopungua, katika nchi ambayo sheria inamtaka akae kambini, anaambiwa awe na huruma kwa kinyonga. Anaweza kuuliza ni nani aliyemhurumia yeye. Sina jibu la kulipunguza swali hilo, na sitaki kulipunguza. Ninachosema ni kwamba hakuna hata ushauri mmoja hapa unaomtaka mkimbizi atoe alichonacho kwa ajili ya mnyama. Mfuniko wa pipa unaokoa unga wake. Ukuta uliozibwa unamlinda mwanawe. Bundi asiyepigwa anafanya kazi bila ujira. Anayeumia zaidi na sumu, kuumwa na nyoka na mahindi yaliyoliwa ni yule asiye na nauli ya kwenda Lilongwe, kwa hiyo njia ya upole ndiyo pia njia ya maskini. Na mtoto anayekua akiona wakubwa wakimwachia njia kiumbe kisichomdhuru, anajifunza jambo ambalo wazazi wake wanatamani dunia ingejifunza kuwahusu wao.

Kazi hii lakini haifanyiki na nyumba moja. Ukiziba matundu yako na jirani akaacha gunia wazi, panya watapita ukuta mmoja tu. Mvua huanza Novemba au Desemba, na kabla yake panya wa mashambani hukimbilia majumbani kwa kuwa mabua yamechomwa na chakula kimekwisha nje. Tumieni Oktoba. Itaneni nyumba kumi za mstari mmoja, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na majirani wa Malawi, mchague Jumamosi moja: wengine wakandike kuta, wengine wahamishe kuni na mabua, wengine wafukie takataka, na vijana watengeneze majukwaa ya mahindi. Wazee wawafundishe watoto sura ya kifutu na sura ya nyoka wa nyumba, na wawaambie wasimrushie yeyote kati yao jiwe.